Kamba wa Kuchoma na Fomu ya Upekuzi

Fundi makochi alipiga magoti mbele ya jiko la mkaa, kipande cha mahameli nyekundu amejifunga kiunoni, akawa anawageuza kamba wake kwa uangalifu ule ule anaoutumia kupigilia misumari kwenye kiti cha mteja mkorofi. Walikuwa kamba wa baharini, wakubwa, thelathini na wawili kwa hesabu yake, wameshamenywa, umeachwa mkia tu. Mishikaki yenyewe ilikuwa spoki za baiskeli. Alikuwa amezisugua kwa msasa na kuzichemsha mara mbili, maana hakutaka mtu aje kumwambia kwamba chakula chake kina ladha ya kutu.

Kitunguu saumu alikiponda mwenyewe. Akakichanganya na maji ya limau, mafuta, chumvi, pilipili ya unga na tangawizi kidogo, akawaloweka kamba kwa nusu saa kamili. Kitabu cha mapishi alichoazima kilisema nusu saa, na fundi alikuwa mtu wa kufuata kilichoandikwa. Kitabu kilisema pia kwamba kamba akianza kujikunja na kuwa mwekundu hana haja ya kungojwa tena. Kwa hiyo fundi aliwakodolea macho kama askari wa zamu.

Mtoto alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake alale huko. Juu ya meza palitandikwa kitambaa kipya, pakawekwa sahani mbili, mishumaa miwili na ua moja ndani ya glasi. Siku hiyo walitimiza miaka tisa ya ndoa. Katika miaka hiyo tisa, saba mkewe ameimaliza akisimama kwenye meza ya kiwanda, masaa kumi kwa siku, akimenya kamba wa kupelekwa nchi za watu. Jioni alirudi vidole vimevimba, akavitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akasinzia hapo hapo akiwa ameketi. Kamba hao hajawahi kumwonja hata mmoja. Langoni wafanyakazi walipekuliwa hadi ndani ya soksi.

"Leo atakula kama wanavyokula wao," fundi aliuambia moshi.

Saa kumi na mbili na nusu mlango ulisukumwa kwa kishindo. Mkewe aliingia, akaufunga nyuma yake, akauegemea kwa mgongo.

"Ni nini hicho?"

"Karibu nyumbani, bibi harusi."

"Nimekuuliza, ni nini hicho kwenye moto?"

"Vua viatu kwanza, ukae. Hujui leo ni siku gani?"

"Mume wangu, harufu nimeipokea tangu kule kona kwa fundi cherehani. Nimekuja nikiomba Mungu njia nzima isiwe inatoka kwetu." Alikuwa anahema. "Leo wamepima ghala. Kilo mbili hazionekani, na zimepotea kwenye meza yetu. Wanawake sita. Wametuvua nguo mbele ya yule mama wa stoo, hawakupata kitu. Basi wakatuletea karatasi, kila mmoja asaini kwamba amekubali nyumba yake ipekuliwe leo leo. Asiyetaka aache kitambulisho langoni asirudi tena."

"Na wewe ulisaini?"

"Nilisaini huku nacheka! Nina nini cha kuficha mimi?"

Mafuta yalidondoka kwenye makaa, moto ukaruka. Fundi alisahau kugeuza.

"Wako wapi hivi sasa?"

"Kwa Kushoto. Nimewapita wakiingia mlangoni kwake. Hapa kwetu ndipo panapofuata."

Kusikia jina hilo, fundi alishika spoki ya moto kwa mkono mtupu, akaiachia. Kushoto alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Aliitwa hivyo kwa sababu ya mkono anaoutumia, na kwa miaka saba yote alikuwa amesimama ubavuni kwa mkewe kwenye meza ile. Walikwenda kazini pamoja na kurudi pamoja. Mmoja akiugua, mwenzake humpikia uji.

"Umewatoa wapi?" mkewe aliuliza.

"Nimenunua."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Mtu ana jina, mume wangu."

Fundi aliangalia chini. Kwenye bakuli ilikuwa imebaki spoki moja ambayo hajaiweka motoni. Mkewe aliinama, akachomoa kamba mmoja, akampangusa viungo kwa kidole, akamgeuza mgongo. Kisha akapitisha ukucha kwenye mpasuo taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Pale mezani tuko sita, na mikono yetu haifanani," alisema. "Nifunge kitambaa machoni, nitakwambia huyu kamenywa na nani. Sisi watano tunapasua kuanzia kichwani kwenda mkiani. Huyu kaanzwa mkiani, na kisu kimelalia upande wa pili." Alimrudisha kamba bakulini. "Ni Kushoto."

Alilisema bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza fundi.

"Nilimtengenezea kochi," alijitetea. "Hakuwa na fedha ya kunilipa. Akaniambia hayo ni mabaki mnagawiwa, ila wewe yako huchukui kwa sababu unaona haya. Akasema nisikwambie, ili uje ushangae mwenyewe."

"Mabaki! Miaka saba umeniona nikileta mabaki?"

"Sikufikiri."

"Ulifikiri. Ila hukutaka kumaliza kufikiri."

Nje, mbali kidogo, mbwa alianza kubweka. Wote wawili waligeuza shingo.

"Tuwatupe chooni," fundi alinong'ona.

"Choo cha familia nne? Sasa hivi mwenye nyumba yumo humo na gazeti lake."

"Tuwafunike basi."

"Harufu je, utaifunika na nini?"

"Nitasema nimenunua sokoni."

"Sokoni kamba anauzwa na kichwa chake na maganda yake. Wapekuzi si watoto."

Fundi alivuta pumzi. "Basi tumtaje. Tuseme kweli, yaishe."

Mkewe alizima mshumaa mmoja kwa vidole, halafu kana kwamba ameona hilo halisaidii kitu, akauwasha tena.

"Ana watoto watatu, na baba yao huwa anapita tu kama mgeni," alisema.

"Na sisi? Kitambulisho chako kikibaki langoni, mimi na misumari yangu tutalipa hii nyumba? Mwezi huu mzima nimepata viti viwili."

"Nimesema usimtaje? Sijasema. Nimekwambia tu ana watoto watatu."

Hodi ikapigwa.

Msimamizi wa zamu aliingia bila kungoja karibu. Wanawake wa mezani walimwita Kalamu, kwa kuwa kalamu haikumtoka sikioni, na kwa kuwa tangu ateuliwe hakuna aliyewahi kumwona ameshika kisu. Nyuma yake walisimama walinzi wawili, mmoja mtu mzima mwenye mvi, mwingine kijana.

"Ngojeni hapo nje," aliwaambia. "Chumba chenyewe hiki tukiingia wote tutakanyagana."

Akavuta mlango. Akasimama katikati ya chumba, akainua pua juu, akanusa, akatabasamu. Lakini jikoni hakuelekea. Alianza na kitanda. Aliinua godoro, akalipiga piga. Akafungua kopo la unga, akachovya kijiko hadi chini. Akavuta droo ya kabati, akaanza kutoa nguo za ndani za mama wa nyumba moja moja, kwa ncha ya kalamu, akizining'iniza kwenye mwanga na kuziweka juu ya kochi. Mwanamke alitazama ukutani. Fundi alikunja ngumi, akazikunjua, akazikunja tena.

"Safi," Kalamu alisema. "Sasa tuje kwenye hii harufu."

Alifunua sahani ambayo fundi alikuwa ameifunika kwa sahani nyingine. Mishikaki saba ilikuwa imelala hapo, myekundu, inang'aa kwa mafuta.

"Lo! Na mishumaa kabisa!"

"Tumetimiza miaka tisa ya ndoa," fundi alisema. Sauti yake mwenyewe aliiona imekuwa ya mtu anayeomba kazi.

"Hongereni sana." Kalamu alivuta kiti cha mwanamke, akaketi. Akainua mshikaki mmoja, akauzungusha mbele ya mshumaa. "Wamemenywa. Mkia umebaki. Saizi namba moja. Bwana fundi, hii saizi hata mimi mezani kwangu haifiki."

"Nimeleta mimi. Mke wangu hajui lolote, ndiyo kwanza ameingia."

"Umewatoa wapi?"

Hapo ndipo jina lilipomjia fundi mdomoni. Lilikuwa jepesi, neno moja tu, na baada yake mkewe angelala salama. Alimtazama. Mkewe hakumwashiria ndiyo wala hapana.

"Nimenunua," alisema.

"Risiti?"

"Sikupewa."

"Hukupewa." Kalamu alitoa fomu kwenye bahasha, akailaza kando ya sahani. "Mimi si mtu mbaya. Wengine wakiona hiki nilichokiona wanaita polisi papo hapo. Mimi najua watu wana familia. Fomu yenyewe ina mistari miwili tu. Huu unasema kitu kimeonekana, huu unasema hakikuonekana. Mimi ndiye ninayeandika."

Alichomoa kamba wa kwanza, akamuuma, akafumba macho.

"Nani amepika?"

"Mimi."

"Wewe? Mwanamume mzima!" Alicheka. "Limau ipo?"

Fundi alikata limau. Alimsogezea kwenye kisahani, akasimama pembeni, mahameli bado iko kiunoni, kama mhudumu wa hoteli.

"Makochi yangu ya sebuleni yamebonyea," Kalamu alisema akitafuna. "Mgeni akikaa anazama mpaka magoti yanamgusa kidevu."

"Nitakuja kuyaangalia, bosi."

"Hutayaangalia, utayatengeneza. Kitambaa chako, sponji yako, mkono wako. Mwisho wa mwezi huu yawe tayari. Na mama hapa atakuwa anabaki kidogo baada ya zamu, saa moja, saa moja na nusu, kutusaidia usafi. Hayo hatuyaandiki. Tunaelewana?"

"Mpaka lini?" mwanamke aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wageni waingie.

"Mpaka nitakaposahau hii harufu." Alichekea utani wake, akavuta mshikaki wa pili.

Alikula bila haraka. Kila alipommaliza kamba mmoja aliuweka mkia kwenye ukingo wa sahani, karibu na mwenzake. Fundi alikuwa anawaza bei ya sponji. Aliwaza pia hiyo saa moja na nusu ya usafi, na mlango wa kiwanda watu wote wakiwa wameshaondoka.

Mara mkewe akasogea mezani. Alichukua mshikaki wa tatu, akauweka kwenye sahani ya mgeni kwa mikono miwili.

"Ongeza, bosi. Wakipoa si watamu."

Fundi alimtumbulia macho. Mwanamke huyu aliyekuwa hamwandalii chai mtu aliyemkosea, leo anamlisha aliyetoka kuning'iniza nguo zake! Kalamu mwenyewe alipendezwa. Alilegeza mkanda tundu moja, akaendelea. Mafuta yalimfika kwenye vifundo vya mikono, pilipili ikamtoa kamasi, akawa anavuta pua na kusifu mpishi. Mikia ikafika kumi na mmoja.

Mwanamke alipoona mkia wa kumi na moja umetua, alikwenda mlangoni akaufungua wazi kabisa.

"Kaka zangu! Mmesimama muda wote huo na njaa zenu? Ingieni jamani. Bosi wenu ameshaanza."

"Hapana, hapana, wao—" Kalamu aliinuka nusu, shavu moja limejaa.

Lakini walinzi walikuwa wameshaingia. Harufu ilikuwa imewatesa huko nje, hawakungoja mwaliko wa pili. Yule mwenye mvi alivua kofia. Akaitazama meza, akaitazama sahani, akamtazama bosi wake na vidole vyake.

"Bosi," alisema polepole, "hawa si ndio wale wa—"

"Wale wa nini, kaka?" mwanamke alimkatiza, tena kwa upole. "Muulize bosi wako. Yeye ndiye anayejua saizi. Amekula kumi na mmoja, na huyo aliye mdomoni ni wa kumi na mbili."

Kalamu alitafuna mara mbili, akashindwa kumeza, akatafuna tena. Mlinzi kijana aliuma mdomo wa chini asicheke. Wa kumi na mbili alipopita kooni, macho ya Kalamu yalikuwa yamejaa machozi, pengine ya pilipili.

"Ni wa sokoni," alisema.

"Hatukusikia vizuri, bosi."

"Wa sokoni! Nimewaonja kwa makusudi, ili kuhakikisha. Hata ladha yao si ya kwetu."

"Basi andika," mwanamke alisema, akamsogezea fomu. "Na kaka hapa asaini, si nasikia lazima awepo shahidi?"

Kalamu aliichomoa kalamu sikioni. Ilimteleza vidoleni mara ya kwanza, ikaanguka. Mara ya pili aliishika, akaandika kwenye mstari wa chini, na kidole gumba chake kikaacha alama ya mafuta pembeni mwa jina lake, pana kama sarafu. Mlinzi mwenye mvi aliichukua fomu, akaisogeza mbali na macho yake, akasoma kwa sauti bila kuruka neno, "Hakikuonekana kitu." Akasaini. Akachukua kamba wawili, mmoja wake na mmoja wa mwenzake, akamshukuru mama wa nyumba, akatoka nyuma ya bosi wake ambaye hakuaga mtu.

Hatua zilipopotea, fundi aliangua kicheko. Alicheka hadi akashika meza.

"Umemkomesha! 'Huyo wa kumi na mbili'! Mke wangu, wewe ungefaa kuwa wakili!"

"Usicheke."

"Kwa nini nisicheke? Fomu imesainiwa!"

"Nimemkomesha leo. Kesho ni yeye yule yule anayepanga nani akae wapi na nani abaki." Alikuwa anakusanya nguo zake kwenye kochi, akizitupa zote kwenye ndoo ya kufulia, safi na chafu pamoja. Halafu akasimama. "Kushoto hakuja mwenyewe kukuletea kamba. Wewe ndiye uliyemwomba. Sivyo?"

Fundi alianza kupanga sahani upya.

"Nilimwomba," alisema. "Alitaka kunilipa kidogo kidogo. Nikamwambia, wewe si unafanya kazi kamba waliko? Niletee hao, deni liishe. Nilitaka ule kitu kizuri mara moja."

"Aliiba kwa sababu yako."

"Sikumwambia aibe."

"Ulimwambia alete kitu ambacho hakiwezi kutoka pale langoni kwa njia nyingine." Aliketi kitandani, si kwenye kiti. Mishikaki minne ilikuwa imebaki, na hakuiangalia. "Nenda kwake. Mwambie najua. Kesho siwezi kusimama pale nikajifanya sijui kitu, uso wangu haujazoea kudanganya."

"Twende wote."

"Uliyaanza peke yako."

Fundi alifungua mahameli kiunoni, akavaa shati, akatoka.

Mlango wa Kushoto ulikuwa wazi nusu. Ndani vitu vilikuwa vimezagaa, sufuria kitandani, nguo sakafuni, watoto watatu wamekaa kwenye mkeka wakila wali bila kusemezana. Kochi alilolitengeneza fundi wiki mbili nyuma lilikuwa limepasuliwa kwa kisu kuanzia mkono hadi mkono, sponji imetolewa nje.

"Walidhani nimeficha humo," Kushoto alisema. Alikuwa amepiga magoti, anairudisha sponji kwa mkono wake ule wa kushoto. "Shemeji, vipi? Nimewaona wametoka kwenu. Nimemwona Kalamu anatembea kama mtu aliyechapwa."

"Hawakuandika kitu."

Kushoto alishusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa mkono wa nguo. "Alhamdulillahi. Nilikuwa roho juu. Nilisema huyu shemeji akibanwa atanitaja."

"Nilikaribia kukutaja."

"Na mwenzangu? Hakushtuka alipowaona?"

"Alimgeuza mmoja mgongo. Akakuona."

Mkono wa kushoto ukasimama ndani ya sponji. Mtoto mkubwa aliinua macho kutoka kwenye sahani. Kushoto alimwashiria aendelee kula, akainuka, akaja mpaka mlangoni ili watoto wasisikie.

"Anajua ni mimi?"

"Anajua. Na Kalamu alipouliza, hakusema."

"Amesemaje kuhusu mimi?"

"Amesema una watoto watatu."

Fundi alikuwa ameandaa maneno njiani. Alitaka kumwomba radhi kwa kumtia mtegoni, na pia kumlaumu kidogo kwa ule uongo wa mabaki, ili lawama igawanyike. Lakini Kushoto alikuwa haangalii upande wake tena. Alikuwa anaangalia kule dirisha la fundi lilikokuwa na mwanga wa mishumaa.

"Afadhali angenitaja, shemeji," alisema. "Angenitaja ningefukuzwa, ningelia siku mbili, ningetafuta kibarua kingine, na hasira ningekuwa nayo. Sasa hata hasira sina. Kesho nitasimama naye bega kwa bega tangu asubuhi mpaka jioni, na sijui hata nitamsalimia vipi."

"Atakuitikia. Yeye si mtu wa kinyongo."

"Ndilo hilo ninaloliogopa."

Alimtakia usiku mwema kwa adabu, kama anavyotakiwa mtu asiyezoeleka. Fundi alipiga hatua mbili, akasikia mlango unafungwa nyuma yake, komeo la juu, kisha la chini, ingawa wapekuzi walikuwa wamekwenda zao zamani.